Waliaji wa Mtaa wa Sikukuu

Kioo kilikuwa kimelowa kwa ndani.

Mbaruk alikipangusa mara ya kwanza kwa kitambaa, mara ya pili kwa pindo la kanzu yake, jambo ambalo mkewe angeliona lingezua vita, na mara ya tatu ndipo akili ilipomwambia kuwa unaweza kupangusa mpaka Idi ijayo, maji yaliyo upande wa pili wa kioo hayapanguswi ng'o. Akaitoa picha kwenye fremu. Akapitisha kidole upande wa ndani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuonja kila kitu, hata gundi, akakilamba.

Chumvi.

"Mama Huda!" akaita. "Umemwaga mchuzi kwenye kazi za watu?"

"Mchuzi uko jikoni, na jikoni kuko juu," Mauza akajibu kutoka ghorofani. "Labda umeshuka ngazi wenyewe kuja kukutafuta. Panda ule, kabla haujakata tamaa."

Mbaruk, Mwarabu aliyezaliwa hapohapo mjini, alikuwa fundi wa fremu. Duka lilikuwa chini, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, katika nyumba aliyoiacha baba yake. Juu aliishi yeye, Mauza, na binti yao wa pekee, Huda. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwatia watu wa Dar kwenye vioo: maharusi, mahujaji, wahitimu wenye majoho ya kuazima, marehemu waliotabasamu mara moja tu maishani na kwa bahati mpiga picha alikuwepo. Na katika kazi alikuwa na msimamo mmoja: hakuna picha isiyoenea kwenye fremu, kuna picha ambayo bado haijaeleweshwa. Ndiyo maana fremu zake zilikaa ukutani tayari, saizi tano, na chini yake kisu kikali cha kueleweshea.

Picha yenye kioo kilicholowa ililetwa siku mbili nyuma na Bi Bharti, mjane wa Kihindi kutoka Kisutu, aliyekuwa anahamia kwa mwanawe Jeet huko Uingereza.

"Mbaruk bhai, hii si kalenda," alisema, akifungua bati la biskuti lililozeeka kuliko wote wawili. "Hii ni ukurasa wa kitabu chetu kitakatifu, kimechorwa kwa mkono. Babu alikuja nao kutoka Kutch, India."

Ulikuwa ukurasa mpana wenye rangi zinazowaka kama zimepakwa asubuhi ile. Upande wa kulia, ikulu: mfalme mzee ameanguka kitandani, mikono inaning'inia, wanawake wamemzunguka. Katikati, lango la mji, na watu, watu, watu. Wengine wamefunika nyuso, wengine wameshika magurudumu ya gari la farasi lisiende. Na kushoto kabisa, nje ya mstari mwekundu uliozungushiwa mchoro, kwenye ukingo mtupu wa karatasi, watu watatu wadogo kama punje za mchele wakiingia msituni, migongo imegeuka.

"Msiba wa nani huu?" Mbaruk aliuliza.

"Si msiba. Wanaagana. Mtoto wa mfalme anapelekwa msituni miaka kumi na nne. Baba alimpa ahadi mke mdogo, ahadi imemrudia: mke anataka huyu mtoto aondoke. Mtoto hakubisha. Kavua dhahabu, kagawa vitu vyake, kavaa magome ya miti, anaondoka. Mkewe kakataa kubaki nyuma. Ndugu yake pia."

"Huyo mke ana moyo. Mauza wangu nikimwambia twende Mbagala anauliza kama kuna feni."

Bi Bharti hakucheka. Akaweka kidole chini ya wale watatu. "Kwetu, anayehama nyumba huitazama picha hii kwanza. Watu wa langoni wanalia, wanalia, halafu macho yao yanafika hapa. Wanaona ameshaondoka. Basi, kilio kinakwisha. Usikate hata uzi."

"Mimi nikate? Bi Bharti, mimi kucha zangu nakata kwa ruhusa."

Akakata siku ileile.

Tumtendee haki. Alikuwa na fremu ya mninga, nzuri, imekamilika, na ukurasa ulizidi kwa vidole viwili tu. Vidole viwili! Na ule ukingo wa kushoto una nini? Vichaka, na watu watatu ambao wenyewe wamekupa mgongo. Nani atawakosa? Akaweka rula ya chuma, akavuta kisu mara moja, na ukanda ule ukaangukia kwenye kikapu cha mabaki pamoja na vipande vya kadibodi na maranda ya mbao.

Wiki ile nyumba ilikuwa na shughuli. Ijumaa Huda alikuwa anaolewa na Basil, kijana mwenye duka la vifaa vya umeme Kigamboni. Kigamboni! Ukisimama Feri unaiona, nguo za watu zimeanikwa, mpaka rangi unaitaja. Unapanda pantoni, kabla hujamaliza karanga umefika. Hata hivyo Mbaruk alikuwa ameandaa hotuba ya kumuaga mwanawe, kurasa nne, na kila alipofika ukurasa wa pili sauti ilimkatika akasingizia vumbi la mbao.

"Baba, naenda ng'ambo ya maji, siendi mwezini," Huda alimwambia.

"Maji ni maji," akajibu baba.

Siku ileile ya kioo kilicholowa, saa za alasiri, kilio kilisikika dukani kwa mara ya kwanza. Mbaruk alidhani ni redio ya jirani. Jirani, Klara, muuza vitenge wa duka la mbele, alidhani vingine. Alivuka barabara akiwa amejifunga kanga kiunoni, mkononi kilo mbili za sukari, uso umeshaandaliwa.

"Poleni jamani. Nani katutoka?"

"Nani katutoka wapi?"

"Baba Huda, usinifiche. Tangu saa tisa nasikia watu wanalia humu kama ukoo mzima."

Wakatazamana. Dukani alikuwepo Mbaruk peke yake, na fremu. Na harufu: vumbi kavu lililopigwa na mvua ya kwanza, pamoja na moshi wa utambi wa samli, ilhali Kariakoo nzima jua lilikuwa linachoma na hapakuwa na tone la mvua tangu mwezi uliopita.

"Ni mabomba," Mbaruk akasema.

"Mabomba yanaita mama?" Klara akauliza kwa sauti ndogo. Akaiacha sukari mezani, akatoka kinyumenyume.

Kesho yake Huda alianza kugawa dhahabu.

Mauza alimkuta mlangoni adhuhuri, akimvalisha bangili muuza mahindi asiyemjua. Hereni alikuwa ameshampa mama wa maandazi. Mkufu, zawadi ya marehemu bibi yake, ulikuwa shingoni kwa mpita njia mmoja aliyesimama kama aliyepigwa shoti, hajui akimbie au ashukuru.

"Huda! Umerogwa?"

"Huko ninakokwenda havina kazi, mama." Alisema kwa upole, kama anayetuliza mtoto. Miguu ilikuwa mitupu, juu ya lami ile ambayo saa hizo unaweza kukaangia yai.

"Kigamboni dhahabu haina kazi? Tangu lini?"

"Miaka kumi na nne si mingi," Huda akasema, na macho yake yalikuwa yanatazama juu ya kichwa cha mamaye, mbali, kama anaona miti.

Mauza alikuwa hajapata kusikia habari za miaka kumi na nne. Mbaruk ndiye aliyezisikia, na aliposimuliwa jambo hili juu, mbele ya sahani ya wali, alilirudisha tonge sahanini. Alishuka chini akaitazama picha.

Watu wa langoni walikuwa wamegeuka. Alikumbuka vizuri, maana fundi hukumbuka nyuso anazozifungia: wote walikuwa wanatazama kushoto, kule alikokata. Sasa hapakuwa na hata mmoja aliyetazama kushoto. Nyuso zote, hata za wale waliokuwa wamejifunika, zilikuwa zimeinuliwa kuelekea upande mmoja wa duka, na Mbaruk alipofuata macho yao kwa macho yake mwenyewe, polepole, kwa shingo isiyotaka kugeuka, aliona yameishia kwenye ngazi, na kwenye ngazi alikuwa anashuka Huda, miguu mitupu, amevaa dera lake jipya la harusi, na kwa kila kipandio alichokanyaga kilio kilipanda naye, kwanza kama mtu mmoja anayeficha sauti kwenye nguo, kisha kama nyumba, kisha kama mtaa, na pindo la dera lake, ambalo lilipaswa kuburuzika nyuma yake, lilikuwa limenyooka hewani, limevutwa, limeshikwa na mikono ambayo Mbaruk hakuiona ila aliona mikunjo ya vidole vyake kwenye kitambaa, vidole vingi, vya wakubwa na vya watoto, vikikamata na kuteleza na kukamata tena.

"Huda," akanong'ona. "Unaenda wapi?"

"Msituni, baba. Usinililie. Wanatosha."

Akampita. Mbaruk alimkimbilia mpaka Mtaa wa Msimbazi, pindo la kanzu mkononi, akamkamata kati ya mikokoteni na mabunda ya mitumba, na watu wakadhani ni mzee kagombana na mwanawe wakawapisha. Alimrudisha kwa kumkumbatia. Mgongo wa dera ulikuwa umelowa chapachapa, na ulikuwa na chumvi; safari hii hakuhitaji kuonja, chumvi iliingia mdomoni yenyewe.

Bi Tatu wa Ilala aliitwa asubuhi ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye simu mbili na dawa nyingi, anayetoa majini kama wengine wanavyong'oa meno: haraka, na kwa kulalamika juu ya wagonjwa. Alifika akiongea. Alipovuka kizingiti akanyamaza, na mkewe Mbaruk alisema baadaye kuwa hapo ndipo alipoogopa kweli, maana Bi Tatu alikuwa hajanyamaza tangu kufiwa na mumewe, na hata siku ile alinyamaza nusu saa tu.

"Wako wangapi?" Mbaruk akauliza.

"Kama Kariakoo siku ya kuamkia sikukuu," Bi Tatu akanong'ona. "Wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mmoja kakaa kwenye meza yako, Baba Huda, usiweke mkono. Mmefungua nini humu?"

Mbaruk akaeleza, akiona haya: picha, fremu ya mninga, vidole viwili.

"Kulikuwa na watu wanaondoka na watu wanaolia," Bi Tatu akasema. "Ukawaondoa wanaoondoka. Ukaacha kilio hakina mwenyewe. Kuna aina ya majini hayana sura wala jina, yanapenda kilio tu. Yamekuta pengo yakaingia, yakaazima sura za hao waliochorwa. Sasa yanatafuta wa kumlilia. Lakini nyumba za maharusi ni nyingi mjini. Kwa nini huyu? Kile kipande kiko wapi?"

"Kwenye kikapu cha mabaki."

Mauza, aliyekuwa amekaa sakafuni akimshika Huda mkono, akainua uso. Ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Mabaki yale niliyachukua Jumatatu," akasema.

"Kufanyia nini?"

"Kuwashia mkaa. Wa chetezo. Nilikuwa nafukiza nguo za Huda."

Kila nyumba ya ukoo wao hufukiza nguo za bibi harusi kwa udi, siku tatu, mpaka moshi uingie kwenye uzi wenyewe usitoke hata kwa kufua. Na kila fundi wa mbao mkewe huwashia mkaa kwa mabaki ya dukani. Wale watatu wadogo kama punje za mchele walikuwa wamepanda pamoja na udi wakaingia kwenye dera, kwenye mtandio, kwenye shuka za ndoa, na kutoka hapo kwenye ngozi ya Huda. Hakuna kilichobaki cha kugundisha.

"Wao wanamuona yeye ndiye anayeondoka," Bi Tatu akasema. "Na wakimsindikiza wao, Kigamboni hafiki. Atafika huko wanakokujua wenyewe. Niitieni mwenye picha."

Bi Bharti aliletwa kwa bajaji. Alipoona ukurasa wake ulivyofanywa, na kuelezwa habari za majini, aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaweka kiganja juu ya kioo, pale ukingo ulipokuwa.

"Nilikwambia usikate, bhai."

"Nisamehe, dada yangu."

"Majini yenu yamejivika nyuso za watu wetu," akamgeukia Bi Tatu, akiwa na hasira. "Hawa watu ni wema! Walimpenda mtoto wa mfalme!"

"Bibi, simlaumu aliyechorwa, namlaumu aliyejipachika," Bi Tatu akajibu. "Niambie tu: huko kwenye kitabu chenu, hao wema wenu waliachaje kumfuata?"

Bi Bharti akafikiri. "Walimfuata siku nzima kwa miguu. Wakachoka. Walipofika mtoni wakalala. Yeye akaamka wao wamelala, hakuwaaga, akavuka. Walipoamka wakaona alama za magurudumu zinarudi mjini, wakadhani karudi nyumbani. Wakazifuata."

Bi Tatu alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi. "Haya. Huyo mtoto wa mfalme alijua majini kuliko mimi. Vaeni viatu."

Basi Alhamisi ile, baada ya adhuhuri, watu wa Dar es Salaam waliona jambo wasilolielewa: mzee wa Kiarabu kashika fremu iliyofungwa shuka, mkewe kamshika mkono binti wa miguu mitupu, mama mnene anawaongoza kwa mwavuli, na nyuma bibi wa Kihindi mwenye sari na raba za michezo. Hawakwenda Feri moja kwa moja. Bi Tatu aliwapeleka kwanza Ilala, akawazungusha karakana za mabati, akawarudisha Kariakoo, akawapitisha Gerezani, akawarudisha Mnazi Mmoja, wakazunguka mara tatu kama waliopoteza ufunguo.

"Tutakufa sisi kabla yao," Mbaruk akahema.

"Tembea. Usigeuke. Na asilie mtu! Chozi moja tu, mmewapa chai."

Hakugeuka. Alisikia. Nyuma yao, chini ya honi na makondakta na spika za wauza dawa za mende, zilikuja nyayo, mamia ya nyayo mitupu juu ya lami, na kilio kilichopanda na kushuka. Wapita njia walisogea pembeni bila kujua kwa nini, mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye nguzo akajinyonga kwa kurudi nyuma mpaka wakamkata kamba, na mtoto aliyebebwa mgongoni akanyoosha kidole juu ya bega la mamaye akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, akafika mwisho wa namba alizozijua akaanza upya, na upya, na upya, mpaka mamaye akampiga kofi la paja, na Mbaruk akaenda mbele akiisikia ile hesabu inamfuata kuliko hata kilio chenyewe. Ilikuwa mzunguko wa tatu ndipo sauti ilipoanza kukatika. Kilio kikawa kwikwi. Kwikwi zikawa pumzi. Walipoteremka kuelekea Magogoni, kwenye harufu ya samaki wa kukaanga, nyuma yao palisikika mtu mmoja akipiga mwayo, mwayo mrefu wa mchovu, na mwingine akaupokea.

Kwenye kivuli cha ukuta karibu na kivuko, Bi Tatu akaashiria waketi. Mbaruk akailaza fremu chini. Wakakaa. Hewa iliyowazunguka ikawa nzito na yenye joto, kama chumba walicholala watu wengi. Dakika zikapita. Ukoromaji mwembamba ukatoka chini ya shuka.

"Sasa," Bi Tatu akanong'ona. "Msikilize vizuri. Huda avuke peke yake, na hizo nguo alizovaa azitupe baharini katikati, ajifunge hii kanga yangu. Asiagwe. Hakuna kwaheri, hakuna kubusu mkono, hakuna dua ya sauti. Neno la kuaga litawaamsha. Ndoa isimamiwe na watu wa hukohuko."

"Hamood ndugu yangu anakaa Kigamboni," Mbaruk akasema kwa shida. "Nimpe uwakala. Lakini mimi ndiye baba. Kesho ni..."

"Na nyinyi msivuke. Si kwa pantoni, si kwa daraja. Wakiamka watafuata nyayo zenu, na nyayo zenu lazima zirudi Kariakoo tu. Na yeye asirudi nyumbani kwenu mpaka miaka yao itimie."

"Miaka mingapi?" Mauza akauliza, ingawa alijua.

Bi Bharti ndiye aliyejibu, kwa kuinua vidole kumi, kisha vinne.

Pantoni ilikuwa inapakia. Huda alisimama. Kule karibu na maji macho yake yalikuwa yameanza kuwa yake tena. Alimtazama baba, akamtazama mama, akaelewa, na midomo ikaanza kumtetemeka. Mbaruk alikuwa na kurasa nne mfukoni. Aliona lile tetemeko, na chini ya shuka akasikia ukoromaji umesita, kama mtu aliyeitwa jina usingizini.

"Huda," akasema, kwa sauti ya kila siku, ya mtu asiye na haraka. "Ukifika dukani chukua na viberiti."

Huda akakaza midomo. "Vingapi, baba?"

"Viwili. Na chenji usimwachie yule bwana, mwizi yule."

"Haya."

Akageuka, akatembea kwenda kwenye geti, mwembamba, miguu mitupu, akapotea kati ya pikipiki na matenga ya nyanya. Mauza alikuwa ameuma kanga mpaka imetoboka. Hawakungoja kuona pantoni ikiondoka. Waliinuka, wakabeba fremu, wakageuza migongo, wakaanza kurudi kwa miguu, wakiongea juu ya bei ya samaki kwa sauti kubwa ya kijinga, na walipofika kwenye mwinuko walisikia kule nyuma, ukingoni mwa maji, watu wengi wakiamka kwa pamoja na kutulia, wakitafuta. Kisha nyayo zikaanza kuwafuata, mbio.

Dukani Mbaruk aliifungua shuka. Mfalme alikuwepo kitandani. Lango lilikuwepo, na gari la farasi. Katikati, palipokuwa na umati, palikuwa na karatasi tupu, safi, yenye unyevu kidogo. Bi Bharti aliichukua picha yake. Jumapili akapanda ndege nayo. Bi Tatu alifukiza kila pembe, akasoma, akanyunyiza, na mwisho akawaambia ukweli: "Binti yenu mmempata. Hawa wamekuja nyumbani, na watamngoja. Hapa ndipo wanapojua ataingilia. Msimtaje jina ndani ya nyumba."

Walizoea. Mtu huzoea. Kilio kilianza kila siku saa tisa, kikaisha magharibi. Wateja waliambiwa ni mabomba, na Klara aliacha kuleta sukari. Ndoa walihadithiwa. Kila Ijumaa baada ya swala Mbaruk alitembea mpaka Feri, akasimama nyuma ya wakaanga samaki, akampigia Huda simu, na wakati mwingine Huda alitoka upande ule akapunga mtandio mwekundu, na Mbaruk akautazama mpaka pantoni ilipopita kati yao.

Mwaka wa tatu, Jumatano moja ya mvua, simu iliita dukani akiwa ameshika gundi. Akapokea bila kutazama namba.

"Shikamoo baba," Huda akasema, na nyuma yake mtoto alikuwa anacheka. "Sikia miguu hii! Kaanza kutembea leo. Baba, mimi nimechoka, siamini tena mambo yale. Niko kwenye kivuko sasa hivi, tunakuja. Nakuja nyumbani."

Ilikuwa saa kumi. Duka zima likaacha kulia.

Miaka mitatu Mbaruk aliuomba ukimya ule. Sasa ulimsimama pande zote, ukimya wa watu mamia waliobana pumzi, na alihisi wamesogea, wamemzunguka karibu kabisa, masikio yao kwenye simu, na kwenye ngazi mbao zikalia moja moja, kutoka juu kuja chini, hadi mlangoni, ambako pazia la shanga lilianza kufunguka polepole kuelekea nje, upande wa barabara ya Feri, likashikiliwa wazi, likingoja jibu lake.

"Umekosea namba, mama," Mbaruk akasema.

"Baba? Ni mimi, Hu..."

"Sina mtoto mimi!" akapiga kelele. "Sina mtoto, sina mjukuu, hapa kwangu hakuna mtu anayekuja! Usinipigie tena!"

Akakata. Akaizima. Pazia la shanga likabaki wazi, muda mrefu, kisha likaachiwa, likarudi mahali pake likicheza. Kwenye kona mmoja wao akavuta kamasi. Mwingine akadakia. Kilio kikarudi, kikajaa duka, kikapanda ngazi, na Mbaruk akainamisha uso juu ya meza ya kazi akalia nacho, kwa sauti, bila kuzuia kitu, hata Mauza aliyekuwa juu hakujua kati ya sauti zile ipi ni ya mumewe.

Ndipo mkono mmoja, wenye majimaji na baridi, ulipotua begani mwake, ukaanza kumpapasa taratibu, kama mfiwa anavyompa pole mfiwa mwenzake.